Nimwiteje Padri Ninapoungama?

Masomo ya kusoma kabla: Luka 15:11-24, Mathayo 23:1-12, Yakobo 5:16

 

Somo la mara hii limetokana na swali. Mama mmoja aliyeolewa na ndugu wa kanisa letu, lakini mwenyewe amebaki Mkatoliki, alinisubiri nje baada ya ibada. Akasema: "Pasta, nataka kurudi kuungama kabla ya Pasaka. Nina miaka mingi sijaenda. Sasa nasikia huenda askofu mwenyewe atakaa kusikiliza watu. Nikijikuta mbele yake nitamwita nani? Kwetu Masisi tulikuwa na Padri na Abe. Kule kambini Tanzania walisema Baba Askofu. Hapa wanasema Musenyeri. Nikimwita vibaya si nitakuwa nimeongeza dhambi juu ya dhambi?"

Nilitaka kucheka. Nikamtazama usoni nikaona yeye hacheki. Huyu mama amekaa miaka bila kuungama, na moja ya sababu ni kwamba anaogopa kukosea jina la heshima. Tukiwa wakimbizi tunajua hofu ya namna hiyo. Tumesimama kwenye madirisha mengi ya ofisi tukiwa na karatasi mkononi, hatujui mtu aliye ndani aitwe Mkuu, Bosi, Afande au Mheshimiwa, na tumeona watu wakirudishwa nyuma kwa sababu ya neno moja. Basi mtu akibeba hofu hiyo hadi kwenye kiti cha kitubio, mzigo wake unakuwa mara mbili.

Najua wengine watauliza: Pasta wa Kiprotestanti anafundisha mambo ya kuungama kwa padri, amepotea njia? Hapana, ndugu zangu. Katika nyumba zetu wapo mume wa huku na mke wa kule, bibi Mkatoliki na wajukuu Wapentekoste. Tulipofika tukiwa na godoro kichwani hakuna aliyetuuliza kwanza dhehebu. Sikuandika ili kumvuta mtu huku wala kumsukuma kule. Niliyoandika juu ya desturi na sheria ya Kanisa Katoliki nilimsomea kwanza padri mmoja, akanirekebisha mahali pawili, nami namshukuru.

JINA MOJA LATOSHA

Nianze na jibu, maana mama yule hawezi kusubiri hadi mwisho wa ukurasa. Katika kuungama mwite "Padri". Akiwa kijana aliyepewa upadri mwezi uliopita, mwite Padri. Akiwa paroko, Padri. Akiwa askofu, ukimwita Padri au Baba hujamkosea, na ukimwita Musenyeri au Baba Askofu kwa kuwa umemtambua, ni vema pia. Hata akiwa kardinali. Maungamo hayabatiliki kwa sababu ya jina uliloanza nalo. Anayekusikiliza anangoja toba yako, na cheo chake anakijua tayari.

Kwa nini iwe hivyo? Kwanza, Kanisa Katoliki lina daraja takatifu tatu tu: shemasi, padri na askofu. Ukardinali si daraja ya nne. Askofu mkuu ni askofu mwenye jimbo kuu. Papa ni Askofu wa Roma. Na katika hizo tatu, shemasi haungamishi. Kwa hiyo katika kiti cha kitubio kuna watu wa namna mbili tu, padri na askofu, na askofu naye alikuwa padri kabla ya kuwa askofu. Ondoleo la dhambi analolitamka kardinali ni lile lile analolitamka padri wa kijijini mwenye viatu vya matope. Halina la daraja la kwanza wala la tatu kama tiketi za meli ya Bukavu.

Pili, kuna wavu. Sheria ya Kanisa inataka mahali pa kuungamia pawe na kiti chenye wavu kati ya padri na anayeungama, ili anayependa kujificha aweze. Tangu taratibu mpya za kitubio zilizotolewa mwaka 1973, mtu anaweza pia kukaa uso kwa uso na padri akitaka. Ukichagua wavu, padri hakuoni vizuri nawe humwoni. Utajuaje kama ana pete ya askofu? Kama mtu angelazimishwa kutaja cheo sawasawa, wavu huo ungekuwa mtego. Neno "Padri" limetosha kwa sababu linamfaa kila mtu anayeweza kukaa upande ule.

Neno lenyewe ni la zamani. Lilifika pwani yetu na Wareno, na asili yake ni neno lenye maana ya baba. Kwa hiyo tunaposema "Baba Padri" tumesema baba mara mbili, na hakuna ubaya.

Mnakumbuka pia jambo lililoonekana Roma tarehe 28 Machi 2014. Katika ibada ya toba ndani ya kanisa la Mtakatifu Petro, Papa Fransisko alitakiwa kwenda kwenye kiti chake asikilize watu. Badala yake akaenda kwanza kwenye kiti cha padri wa kawaida, akapiga magoti mbele ya watu wote, akaungama. Miaka miwili baadaye, tarehe 23 Aprili 2016, alikaa kwenye kiti cha kawaida katika uwanja wa Mtakatifu Petro pamoja na mapadri wengi, akasikiliza maungamo ya vijana kumi na sita. Hawakuandaliwa wala hawakufundishwa itifaki. Vijana walikuja kutafuta padri, wakamkuta Papa.

MAJINA HUKO NJE

Hata hivyo heshima ni heshima, nasi hatukulelewa kumpita mzee bila kumsalimu. Nje ya kitubio, uani kwa kanisa, kwenye barua, kwenye mkutano, vyeo vina mahali pake. Hapa ndipo wakimbizi tunapochanganyikiwa, kwa sababu tumepita nchi tatu zenye desturi tatu.

Neno gumu kuliko yote ni Monsinyori. Lilizaliwa Ulaya na maana yake ni "bwana wangu". Wafaransa wanalitumia kwa askofu, na Wabelgiji waliotutawala walifanya hivyo hivyo. Ndiyo maana Kongo na Rwanda ukisikia Monsenyeri au Musenyeri, ujue ni askofu. Lakini Tanzania na Kenya Monsinyori ni padri aliyepewa heshima na Papa kwa ajili ya utumishi wake, na si askofu. Askofu huko anaitwa Mhashamu Askofu, na mdomoni watu husema Baba Askofu. Aliyekaa Nyarugusu au Mtabila kisha akaja huku analitamka neno moja akiwa na mtu mwingine kichwani. Mapema mwaka 2014 Papa Fransisko aliamuru kwamba mapadri wa jimbo wapewe heshima hiyo wakiwa wamefikisha miaka 65, kwa hiyo Monsinyori wa namna ya Tanzania aliyepewa jina baada ya hapo ni mzee wa mvi.

Hapa tulipo ni Jimbo la Nyundo. (Jina hilo liliwachekesha watoto wetu walipofika, wakidhani askofu anakaa kwenye duka la fundi seremala.) Misioni ya Nyundo ilianzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1901. Mwaka 1952 Aloys Bigirumwami alipewa uaskofu akaiongoza Nyundo, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu katika nchi zote zilizokuwa chini ya Ubelgiji. Tangu siku hizo watu wa milima hii wanasema Musenyeri. Askofu Anaclet Mwumvaneza, aliyewekwa Nyundo mwaka 2016, ukimsalimu kwa Kinyarwanda utasema Musenyeri, na kwenye barua utaandika Nyiricyubahiro Musenyeri. Ukimsalimu kwa Kiswahili ukasema Baba Askofu, umesema vizuri.

Kardinali kwa Kiswahili anaitwa Mwadhama. Neno kardinali lina mzizi wa Kilatini wenye maana ya bawaba ya mlango, kile chuma ambacho mlango unakizunguka. Mimi hulipenda jina hilo, maana bawaba ni kitu kidogo na kinahitaji mafuta. Antoine Kambanda, Askofu Mkuu wa Kigali, alifanywa kardinali tarehe 28 Novemba 2020, Mnyarwanda wa kwanza. Kwetu Kongo Fridolin Ambongo wa Kinshasa alifanywa kardinali mwaka 2019. Na wa kwanza wa Afrika nyeusi katika nyakati zetu alikuwa Laurean Rugambwa wa Tanzania, mwaka 1960. Papa ni Baba Mtakatifu, na Wanyarwanda husema Nyirubutungane.

Watu wa Kongo wanajua tofauti ya Abe na Padri: Abe ni padri wa jimbo, Padri au Mon Père ni wa shirika, kama Mapadri Weupe, Wajesuiti au Wakapuchini. Kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda wote ni Padri, Padiri. Na hao Mapadri Weupe hawakuitwa hivyo kwa ngozi bali kwa kanzu yao. Askofu Willy Ngumbi, aliyewekwa Goma mwaka 2019, ni wa shirika hilo, naye ni Mkongomani.

Neno la tahadhari juu ya wale wasioungamisha. Frateri ni mseminari, bado yuko njiani. Bruda na Sista hawaungamishi, hata awe Sista mkuu wa nyumba. Katekista wetu wa kambini, ambaye watu humheshimu kama padri kwa sababu yeye ndiye aliyewakusanya chini ya hema miaka yote hiyo, naye haungamishi. Shemasi wa Kikatoliki anavaa kola kama padri, anabatiza na kuhubiri, lakini haungamishi. (Wa kwetu msichanganye: shemasi wa kanisa letu ndiye yule anayehesabu sadaka na kupanga viti.) Ukiwa na mashaka uliza tu, "Samahani, wewe ni padri?" Hakuna anayekasirika kwa hilo.

Na salamu. Sisi tumezoea "Bwana Yesu asifiwe". Wakatoliki wa Kiswahili husema "Tumsifu Yesu Kristo", na jibu ni "Milele na milele, amina." Kwa Kinyarwanda utasikia "Yezu akuzwe", na jibu "Iteka ryose". Angalieni ile z: hapa Rwanda Mkatoliki husema Yezu, Mprotestanti husema Yesu, na mtu hujulikana dhehebu lake kwa herufi moja kabla hajakaa kitini. Ukisema Yesu mbele ya padri hatakufukuza. Ni yule yule aliyezaliwa Bethlehemu.

JE, CHEO HAKINA KAZI KABISA?

Kinayo, na hapa naomba msome polepole, hasa akina mama.

Zamani, mtu aliyetoa mimba au kusaidia kuitoa kwa kawaida alihitaji askofu, au padri aliyepewa ruhusa maalumu na askofu, ili afunguliwe. Wengi walielezwa hivyo: "Hili ni la Monsenyeri." Sasa fikiri mwanamke aliyepitia yale tunayoyajua ya msituni na ya barabarani, asiyethubutu hata kumsalimu askofu kwa mbali, anaambiwa aende kwake na jambo hilo. Wengine walikwenda. Wengine walinyamaza, na kunyamaza kwao kumedumu miaka ishirini.

Mama, au dada, kama uliambiwa hivyo zamani, jua kwamba imebadilika. Kwa barua yake ya tarehe 20 Novemba 2016, mwishoni mwa Mwaka wa Huruma, Papa Fransisko aliwapa mapadri wote uwezo wa kuondoa dhambi hiyo. Huhitaji kumtafuta askofu. Huhitaji kusafiri hadi Nyundo. Padri wa parokia yako anatosha, nawe utamwita Padri.

Yamebaki makosa machache sana yanayohusu Roma, kama kuinajisi Ekaristi kwa makusudi au padri kutoa siri ya maungamo. Hata hayo, padri ndiye anayeandika kuomba ruhusa, bila kutaja jina la mtu.

Na mwenye hatari ya kufa hana haja ya kuuliza cheo wala ruhusa ya padri. Padri yeyote, hata aliyezuiwa kazi, anaweza kumwondolea mtu dhambi katika saa hiyo. Walioandika sheria walijua kwamba watu hawafi wote karibu na parokia yao.

Jambo jingine linalotugusa: padri hatakuuliza jina lako. Hatakuuliza kadi ya HCR, wala ulitoka kijiji gani, wala ulikuwa upande wa nani. Amekatazwa kabisa kukuuliza jina la mwenzako mliyekosea naye. Nalisema hili kwa sababu najua kuna wanaodhani maungamo ni kama mahojiano mengine tuliyopitia, ambapo kila jibu linaandikwa na kulinganishwa na la mwaka jana. Hakuna faili.

JUU YA MATHAYO 23

Ndugu zetu wengine watasema: Yesu alikataza kumwita mtu baba duniani. Wasome mlango wote. Bwana aliwakemea waliopenda kusalimiwa sokoni na kukaa viti vya mbele, akataja pamoja Rabi, baba na kiongozi. Lakini Paulo naye aliwaandikia Wakorintho kwamba yeye ni baba yao kwa njia ya Injili (1 Wakorintho 4:15). Nasi kila siku twawaita wazee wetu baba, mchana kweupe. Kinachokemewa ni moyo unaolishwa na jina.

Tena tusiwaangalie Wakatoliki tu. Kwetu siku hizi kuna Reverendi, Bishopu, Mtume, Nabii, na wapo wanaonuna kipaza sauti kikikosea kuwataja. Mimi mwenyewe nilipomaliza chuo cha Biblia nilimsahihisha mzee wa kanisa mbele ya watu kwa kuniita "kijana wetu" badala ya Mchungaji. Yule mzee aliniomba msamaha. Aliyepaswa kuomba alikuwa mimi, na sikuomba mpaka alipokufa.

Sasa turudi Luka 15. Yule kijana akiwa kwa nguruwe aliandaa hotuba (aya ya 18 na 19). Ina sehemu tatu: anamwita baba, anakiri kosa, kisha anaomba afanywe kama mmoja wa watumishi. Alipofika nyumbani (aya ya 21) anaanza kuisema. Anamwita baba. Anakiri. Lile ombi la tatu haonekani akilisema, maana katika aya ya 22 mzee tayari anaagiza vazi. Hotuba imekatwa. Tazameni pia hili: nyumba ile ilikuwa na watumishi, na watumishi humwita mwenye nyumba bwana. Kijana alikuwa amejiandaa kuwa mtumishi, lakini hata katika hotuba ile neno la kwanza lilikuwa baba. Hilo halikukatwa.

KUUNGAMA KWA MKALIMANI

Nimalize na jambo ambalo wengi hawajui kwamba linaruhusiwa. Asiyejua lugha ya padri anaweza kuungama kwa njia ya mkalimani, kama mwenyewe anakubali. Sheria ya Kanisa Katoliki inasema hivyo, na inamfunga mkalimani kwa siri kama inavyomfunga padri. Haisemi mkalimani lazima awe Mkatoliki. Mimi nilijifunza hilo siku moja nikiwa nimesimama.

Mnakumbuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ulipolipuka. Mimi nilikuwa nimekwisha kuishi hapa Rwanda tangu 2012. Usiku ule tuliona mbingu ya Goma nyekundu, na watu wakaanza kumiminika mpakani na watoto mgongoni. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mfululizo, kisha tarehe 27 amri ikatoka watu waondoke sehemu kubwa ya mji, wakaja tena. Katika uwanja ambapo tulikuwa tunagawa uji alikuwepo bibi mmoja, koko wa Masisi, aliyezidiwa baada ya kutembea. Alijua Kihunde, na Kiswahili cha sokoni tu. Akaomba padri.

Padri alikuja, mtu mzima, amevaa barakoa kama wote wakati ule, na koti la mvua. Alisema Kinyarwanda na Kifaransa. Kijana mmoja aliyekulia Kigoma akaona mvi zake akapaza sauti, "Monsinyori amefika!" Wakongomani wakasikia askofu. Koko akajivuta blanketi hadi kidevuni. Akaniambia kwa Kihunde, "Mwanangu, mwambie arudi. Mimi niliomba padri. Kwa Monsenyeri sina maneno."

Nilimwambia padri tatizo. Hakujua nani amempandisha cheo. Akachuchumaa kwenye nyasi karibu naye akaniambia, "Anyite Padiri, birahagije." Aniite Padri, inatosha. Nikatafsiri. Koko akamtazama kwa muda, akaniuliza kama na mimi nitasikia yote. Nikasema ndiyo, nami sitayasema popote. Akafikiri tena. Kisha akaanza.

Watu walisogezwa mbali. Padri alinielekeza nisimame nyuma ya bega la bibi, nisimtazame usoni, nitafsiri kila neno bila kuongeza wala kulainisha. Ninyi mtakaoombwa kazi hii fanyeni hivyo hivyo. Mkalimani hasemi "anasema kwamba alifanya", anasema "nilifanya", kana kwamba ni yeye. Ni jambo zito kusema "nilifanya" kwa dhambi ya mwingine, na mara mbili nilisimama nikameza mate. Msimchague jirani, wala mtoto wa mtu, wala mkwe. Mkishamaliza, msimkumbushe, msimwonyeshe hata kwa macho kwamba mnajua. Aliyoyasema sikumwambia mke wangu. Kwamba aliungama, wanawe walilijua siku ile, nao ndio walioniruhusu kuandika haya.

Hakufa. Alirudi Goma mwezi wa Juni, miguu ikiwa imepungua uvimbe, akaishi miaka mingine miwili. Lakini jioni ile, padri alipokwisha kuondoka, aliniita.

"Mwanangu, yule alikuwa Monsenyeri au hakuwa?"

"Hakuwa, koko. Ni padri."

Akanyamaza kidogo.

"Basi sawa," akasema. "Lakini wanangu nitawaambia alikuwa Monsenyeri."